Mamako Hakuzaliwa Shika Adabu

Shika Adabu, Likoni
Baada ya sala ya Alasiri

Mwanangu Rehema,

Mamako yuko chumbani kwako anakufungia mizigo, nami nimefukuzwa. Nilijaribu kukunja dera lako moja, akaninyang'anya akasema mikono yangu ni ya kukunja magunia. Basi habari za sweta, za dawa, za nani atakupokea Isiolo na nani atakupokea Marsabit, hizo ni zake. Usizitafute humu. Mimi nimejifungia sebuleni na kalamu, kwa sababu nina jibu nililokunyima.

Siku ile tulipovuka kwenda mjini kuchukua barua yako ya kazi, uliniuliza jambo tukiwa tumesimama kwenye feri. Ulisema, "Baba, mimi msichana, babangu Mdigo, mamangu Mgiriama, sijafika hata Garissa. Kesho niwe afisa tawala Marsabit, niitishe baraza, wazee wakae chini wanitazame. Wataniuliza huyu katoka wapi. Niwajibu nini?" Nami nikakujibu, "Utazoea, inshallah." Ukainamisha uso. Nikaona nimekupa jibu la mtu anayetaka kuteremka feri upesi.

Jibu langu lenyewe ni mamako. Wewe unamjua kwa mahamri yake na kwa sauti yake akiita kutoka jikoni. Lakini kuna mambo aliyoyafanya kabla hujazaliwa, na mengine ulikuwa mdogo ukiyaona kwa chini, kama mtoto anavyoona miguu ya watu wazima tu. Yeye hatakusimulia. Nimeishi naye miaka yote hii, sijawahi kumsikia akijisifu. Kwa hiyo nitamsifu mimi.

Nianze na mahali petu. Nilipokuwa mtoto, ukitoka hapa kwetu kwenda barabara kubwa ulikuwa ukipita chini ya minazi na mikorosho mpaka mwisho. Nyumba zilikuwa chache na kila nyumba iliujua ukoo wa nyumba ya pili. Sisi Wadigo tulijiona ndio wenye Likoni. Kiserikali tulikuwa watu wa Mombasa, lakini jamaa zetu wengi walikuwa Kwale, na mpaka umepita katikati ya ndugu: huyu anapiga kura huku, nduguye wa tumbo moja anapiga kule. Halafu bandari ikaita watu. Changamwe ilijaa kwanza kwa sababu ya viwanda, kisha zamu ikawa yetu. Wakaja Wakamba, Wajaluo, Wataita, Waluhya, Wakikuyu. Wakapanga vyumba, wakafungua maduka na vioski, watoto wao wakasoma na sisi.

Na wakati huohuo tukaja kujua kwamba mashamba tuliyoyalima tangu babu wa babu yameandikwa kwa majina ya watu ambao hatujawahi kuwaona uso. Mtu amezaliwa pale, babake kazikwa pale, anaambiwa yeye ni skwota. Neno lenyewe hata hatukuwa nalo, ilibidi tufundishwe. Nakueleza haya ili usije ukadhani hasira ya watu wetu ilitoka hewani. Ilikuwa na haki yake. Lakini hasira, mwanangu, haiendi mbali kumtafuta mkosaji. Hubisha mlango ulio karibu.

Katikati ya mambo hayo ndipo alipoingia mamako.

Wakati huo mimi nilikuwa karani wa bohari moja kule Changamwe, naye akipika kwenye kibanda cha shangazi yake nje ya lango letu. Kadzo wa Utange. Siku ya kwanza nilijitia ujuzi nikamwambia, "Dada, mbaazi zako leo zimezidi tui." Akanijibu bila hata kugeuka, "Kaka, kwani huko kwenu Likoni minazi imekwisha?" Watu wakacheka, nami nikashangaa. Sikuwa nimemwambia natoka Likoni. Alinijua kwa kunisikia tu.

Mamako ni mtu wa masikio. Kwao Utange, alipokuwa kigori, kulijaa wakimbizi waliokimbia vita Somalia, na yeye alikuwa akiwauzia mihogo. Wenzake walijifunza kuhesabu kwa Kisomali. Yeye alijifunza kuuliza mgonjwa ameamkaje. Alipokuwa akinisimulia hayo kibandani, mimi mbaazi zilikuwa zikipoa, na nadhani siku ile ndiyo niliyooa, ingawa mahari ilitoka baadaye sana.

Wazee wake wa Utange hawakufurahi, ni watu wa kanisa. Wazee wangu nao hawakufurahi. Alisilimu kwa hiari yake, akapewa jina la Khadija, jina tukufu. Mimi ulimi wangu ulikataa, nikabaki na Kadzo. Nikamleta hapa kwa nyanyako Mwanasha.

Nyanyako ulimjua akiwa amekwisha kulainika. Zamani zile alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Hakumtukana mamako, alikuwa mstaarabu mno kwa matusi. Alimkaribisha. Kila asubuhi mamako akimwamkia shikamoo, yeye hujibu, "Marahaba, karibu mgeni." Mwezi wa kwanza, karibu mgeni. Mwezi wa sita, karibu mgeni. Neno jema kama lile, likirudiwa kila siku kwa mtu anayekupikia na kukufulia, hugeuka bakora.

Mimi nilitaka kwenda kumwambia mamangu aache. Mamako akanizuia. "Mwache," alisema. "Ukimkataza atanyamaza, na akinyamaza sitamjua tena." Akawa anakwenda kukaa naye wakati wa kukuna nazi, yeye kwenye mbuzi, nyanyako akipepeta mchele, akamwomba amfundishe Kidigo. Wajua lugha hizi ni ndugu. Lakini Kidigo kikisemwa kwa mdomo wa Kigiriama lazima watu wacheke, na nyanyako alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mamako akacheka naye. Nilikuwa nikirudi kazini nawasikia kutoka njiani.

Kisha akazaliwa kakako Bakari, yule tunayemwombea dua kila Idi. Homa ilimchukua kabla hajaanza kutambaa. Nyanyako ndiye aliyemwosha, na ndiye aliyekaa na mamako kitandani, wamelaza vichwa mto mmoja. Tangu siku ile sikulisikia tena neno mgeni asubuhi katika nyumba hii.

Machafuko yalikuja baada ya hapo. Umeyasoma shuleni kwa mistari michache. Karatasi zilikuwa zikiokotwa njiani zinawataka watu wa bara warudi kwao, na tulizipuuza kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia kulikuwa na karatasi. Halafu moto ukawaka kweli. Watu waliuawa, vibanda vikachomwa, na waliokuwa majirani asubuhi jioni wakawa wakimbizi uwanjani kwa kanisa na magodoro yao. Mimi nilikuwa kazini Changamwe. Sikuweza kuvuka kurudi nyumbani. Nilisimama ng'ambo nikitazama moshi upande wetu, na sitaki nikueleze nilivyokuwa.

Yaliyotokea hapa nyumbani niliambiwa na nyanyako, si na mamako.

Chumba cha nyuma alikuwa amepanga Mama Akinyi, Mjaluo, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Alikuwa ametoka asubuhi na akashindwa kurudi. Watoto wake wawili wa kike walibaki. Mamako aliwachukua akawaingiza chumbani kwetu, akawavika buibui zake, zikawa zinaburuzika chini. Mchana kweupe, vijana wakaja na mapanga. Wengine walikuwa wa hapahapa.

Mmoja akauliza, "Nyumba hii ina watu wa bara?"

Mamako alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga kifuani. Akajibu kwa Kidigo, "Nyumba hii ni ya Mwanasha. Waliomo ndani ni watoto wake."

Kijana akamtazama. Kile Kidigo kilikuwa kizuri, lakini masikio yalikuwa makali siku zile. "Wewe mwenyewe si wa hapa," akasema.

Nyanyako alikuwa kwenye mkeka wa sala. Alitoka na tasbihi mkononi, akampita mamako, akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi, utamkumbuka. Akamwambia yule kijana, "Huyu ni mwanangu. Na walio nyuma yake ni wanangu. Unayetaka kuingia, anza na mimi, kisha uende ukamwambie mamako kwamba umempiga panga Mwanasha aliyekuwa akikupa uji."

Waliondoka. Rehema, waliondoka. Watoto walikaa hapa mpaka wazee wa mtaa wakapata njia ya kuwafikisha kwa mama yao kanisani. Mama Akinyi hakurudi kuishi Likoni, na simlaumu. Alianza upya Changamwe, na ndiye yule mama anayekupigia simu kila ukifanya mtihani, ambaye umekuwa ukimwita shangazi bila kuuliza ushangazi ulitoka wapi.

Mimi nilitoka katika siku zile na woga, na woga huo nilikaa nao miaka mingi nikiuita busara. Nilijifunza kutosema. Mtu akianza habari za nani mwenyeji na nani mgeni, mimi huyo, naaga. Nilidhani amani ni watu kutoligusa jambo. Mamako alitoka katika siku zilezile akiwa amejifunza kinyume: kwamba jambo hili lazima lisemwe mchana, na mtu asiye na panga, kabla halijasemwa na mwenye panga.

Nikulete sasa kwenye habari unayoikumbuka nusu.

Ulikuwa ungali shule ya msingi. Jirani yetu Mwanaidi alishikwa na uchungu alasiri moja ya Ramadhani. Zahanati yetu wakati ule ilikuwa ikifungwa jioni, na wauguzi wakienda zao. Mamako alimpakia kwenye tuktuk kumkimbiza ng'ambo, hospitali kubwa. Barabara ya Dongo Kundu ilikuwa bado ni maneno tu, njia ilikuwa ni feri, na foleni ya watu wanaowahi futari ilikuwa imefika mbali. Mwanaidi alijifungua kwenye tuktuk, kwenye foleni, mamako akimkinga kwa kanga yake na wanawake wasiomjua wakisimama kuwa ukuta. Mama aliokoka. Mtoto hakulia.

Mamako alirudi nyumbani baada ya Isha. Hakula. Alikaa pale kizingitini akaniuliza, "Baba Rehema, zahanati ni ya nani?"

Nikasema, "Ya kaunti."

"Na kaunti ni ya nani?"



Baraza lililofuata alikwenda. Alisimama akaomba zahanati iwe wazi usiku kucha na wauguzi wa zamu. Hakuomba jingine. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akasema kwa upole kabisa, "Bi Khadija, tunakushukuru. Lakini mambo ya hapa tuachie wenyewe. Wewe kwenu si Kisauni? Huko Utange na Mtopanga nako kuna shida, kazisemee." Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mamako akasema ahsante, akakaa.

Tulipofika mlangoni akanigeukia. "Nitasimama," akasema.

"Utasimama wapi?"

"Uchaguzini. Uwakilishi wa wadi."

Wallahi, Rehema, niliyaona yale mapanga. Nikamwambia, "Kadzo, jiondoe kwenye hili. Watakuita mgeni kwa kipaza sauti."

Akaniangalia bila hasira. "Wewe unaniogopea mimi," akasema, "au unajiogopea?"

Nilikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, na alikuwa amenikamata. Kesho yake nikaenda naye kuchukua fomu.

Kampeni yetu ilikuwa ya miguu. Wengine walikuwa na magari na fulana na muziki. Mamako alikuwa na kapu lake la mahamri na mimi. Alikuwa akienda nyumba kwa nyumba kama kawaida yake ya kuuza, isipokuwa sasa anakaa. Anauliza, nani amejifungulia njiani katika nyumba hii? Na kila nyumba ilikuwa na mtu. Mama wa Kidigo anamtaja binti yake, mama wa Kikamba anamtaja dada yake. Kulikuwa na Mtaita mmoja mzee, mjane, aliyeketi nasi mpaka Magharibi akitueleza jinsi mkewe alivyofia kwenye mkokoteni, na nadhani alikuwa hajamweleza mtu. Mamako hakumwahidi chochote. Alimsikiliza tu, na tulipotoka hakuweza kwenda nyumba nyingine siku hiyo.

Mimi nilikuwa msaidizi mbaya, nikwambie kweli. Siku moja alinipa nafasi nimtambulishe mkutanoni. Nilianzia kwa Sultani na maili kumi za pwani, nikaja kwa Mwingereza, nikaingia kwenye hati za ardhi. Nilipofika uhuru, waliobaki walikuwa ni mamako, wewe, na mbuzi. Ulikuwa umelala juu ya mkeka. Mamako alinishika mkono akasema, "Baba Rehema, historia yako ni tamu, lakini watu wana njaa." Tangu hapo kazi yangu ikawa kubeba kapu.

Lakini mkutano wa mwisho nilikuwapo, na huo nitakusimulia wote.

Ulifanyika kiwanja cha mpira, wagombea wote walialikwa, kila mmoja anapewa dakika zake. Palijaa. Zamu ya mamako ilipofika akapanda, mdogo vile, akasalimia kwa Kiswahili, kisha kwa Kidigo. Watoto wakamwiga lafudhi, akacheka nao. Akaanza kusema habari ya zahanati. Ndipo sauti ya kiume ikatoka nyuma, kubwa, "Rudi kwenu Utange!"

Wengine wakaipokea. Rudi kwenu! Rudi kwenu! Nilianza kusogea mbele nimteremshe. Yeye aliinua mkono, si kwao, kwangu. Kwamba nisije.

Alingoja mpaka kelele zikachoka. Kisha akasema, taratibu, kama anavyosema nyumbani:

"Kaka uliyesema, nimekusikia. Umesema kweli. Kitovu changu kimezikwa Utange, silikatai hilo, na Utange ni kwema. Lakini mwanangu wa kwanza amezikwa hapa Shika Adabu, pale nyuma ya msikiti. Wengine hapa mlibeba jeneza lake. Sasa wewe ni mwanamume, una mama, hebu nisaidie. Mama arudi kilikozikwa kitovu chake, au abaki alikozikwa mwanawe?"

Yule aliyepaza sauti sikumwona, lakini niliwaona waliomzunguka wakimtazama. Halafu akina mama wa mbele, Wadigo watupu, wa rika la nyanyako, mmoja akapiga kigelegele. Akafuata wa pili. Mimi nililia hadharani, na sioni haya kukuandikia.

Hakushinda. Hilo unalikumbuka. Alikuwa wa tatu, na mshindi alikuwa mbali mbele. Hadithi nyingine zingempa ushindi, lakini hii ni ya kweli. Usiku wa matokeo nilijaribu kumliwaza, akaniambia amechoka, akalala kama mtoto.

Asubuhi aliamka akakanda unga. Akajaza kapu, akavaa buibui yake nzuri, akaniambia tunakwenda kwa mshindi. Nilidhani nimesikia vibaya. Tulimkuta amezungukwa na watu wa pongezi. Mamako alimwamkia, akampa kapu mkononi mwake mwenyewe, akasema, "Hongera, mheshimiwa. Mungu akupe nguvu. Sikuja kuomba kazi. Nimekuja kukuambia kila nyumba ya wadi hii ambayo mwanamke amejifungulia njiani, nimekaa ndani yake. Ukitaka kuisemea zahanati, niite, nitakuambia useme nini."

Yule bwana alikuwa kijana. Alitazama kapu, akamtazama mamako. "Mama," akasema, "mimi ni mshindani wako."

"Ulikuwa," mamako akasema. "Jana."

Na alimwita kweli. Haikuwa mara moja. Kulikuwa na bajeti zilizokataliwa, na vikao ambavyo mamako alikwenda akangoja kwenye benchi mpaka jua likazama, akaambiwa njoo wiki ijayo. Aliudhika, usidhani ni malaika. Kuna siku alirudi akavunja sahani, ile uliyoambiwa imeangushwa na paka. Lakini aliendelea kwenda. Na mwisho taa ya zahanati ikaanza kuwaka usiku. Mtoto wa kwanza kuzaliwa pale usiku hatukumjua, alikuwa wa Mkamba fulani mpangaji mpya. Mamako alimpelekea uji. Mwanaidi naye alijifungua hapo baadaye, mtoto wa kike, salama salimini, na familia ile ya Kidigo ya tangu na tangu ikampa mtoto jina la Kadzo. Walipokuja kutuambia, mamako aliingia jikoni akajifanya anatafuta sufuria, akakaa huko muda mrefu.

Na yule mzee wa barazani aliyemwambia akasemee Kisauni? Alipougua, alimwita mamako amsindikize zahanati. Njiani akamwambia, "Bi Khadija, nilikosea." Mamako akamjibu, "Angalia ngazi, baba."

Hii ndiyo habari niliyotaka uwe nayo unapoondoka.

Mimi sijui Marsabit. Nasikia kuna baridi ya mlima na joto la jangwa, na watu wa makabila mengi, na kila mmoja ana hesabu yake ya nani alifika kisimani kwanza. Utaletewa kesi za maji na malisho. Utakuta hasira zenye haki na utakuta watu wanaozielekeza kwenye mlango usiohusika. Wataulizana wewe ni wa nani. Waache waulize. Usiwe na haraka ya kuwajibu, na usiwachukie kwa kuuliza. Sisi Likoni tuliuliza hivyohivyo, na bado tunauliza. Ardhi yetu mpaka leo haijatulia, nadhani unajua, na kila uchaguzi bado ninalala macho.

Lakini niliwahi kudhani kwamba mahali ni pa aliyetangulia kufika. Nilifundishwa hivyo na nikawafundisha wengine. Kuishi na mamako kumenifanya nianze kushuku kwamba pengine mahali ni pa anayepatunza. Sijamaliza kulifikiria, na ukipata jibu zuri zaidi huko unakokwenda, niandikie.

Ukikosea, maana utakosea, usijifiche ofisini. Mimi nimepoteza miaka mingi nyuma ya meza. Na ukikaa na watu wanaolia, usikimbilie kuwaambia watazoea.

Jambo moja jingine, kisha niache. Nilipokutazama siku ile kwenye feri, na barua yako mkononi, ukiogopa na huku umesimama wima, nilimwona mamako pale kiwanjani. Sikukuambia kwa sababu sauti ingenikatika mbele za watu. Nimeona fahari mara chache maishani mwangu, mwanangu, na zote zimetoka kwenu wawili.

Nilikuwa nataka kuandika zaidi, lakini kuna kelele uani. Watu wameanza kuja kukuaga. Mamako ananiita, "Baba Rehema! Toka huko, wageni hawana pa kukaa!" Nami nimeitika, "Nakuja," nikachungulia dirishani kwanza nione kuna wageni gani, nijue nani nimtolee kiti kile kizuri. Nimewaona wa Utange wamekaa na wa hapa, yule mzee mjane wa Kitaita anaosha mikono, watoto wa Mama Akinyi wamefika kutoka Changamwe na watoto wao, na kuna mtu anasema Kikamba na mtu anamjibu kwa Kidigo, na wote wawili wanaelewana. Nimetazama uso mmoja mmoja.

Sikumwona mgeni hata mmoja. Basi kiti kile kizuri nitakuwekea wewe unayeondoka.

Babako